Miti na mimea ya maeneo ya joto na ukame: upi ununue, upi uuache kitaluni

Kitaluni, mche unaouzika haraka ni ule wenye majani mengi na maua yaliyokwisha kuchanua. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana huuweka mbele. Mahali penye jua kali na kiangazi kirefu, majani mengi kwenye mche mchanga ni hasara: kila moja linapoteza maji mchana kutwa, na mizizi iliyobanwa ndani ya kiriba, ule mfuko wa mche, haina pa kuyatoa. Kwa hiyo uzuri wa maua haukunisaidia kupanga nafasi hapa. Nimeangalia mambo matatu: mmea ukishashika ardhi utadai maji kiasi gani, utakupa nini kwa maji hayo, na baada ya miaka 10 utakuwa umefanya nini kwenye kuta, mabomba na paa lako.

Kila kitalu kina mimea ambayo haimo humu, basi jifunze kwanza kusoma jani. Vijani vidogo vidogo vilivyojipanga kwenye ujiti mmoja, vya mkwaju au mgunga, hupozwa upesi na upepo hata mti ukibana maji. Jani la kijivu au lenye vinyweleo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Jani gumu lenye nta halivujishi maji ovyo. Majani manene ya mshubiri na jamii ya mkonge ni ghala la maji, na mimea hiyo hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, wakati jua halipo. Ukikuta jani pana, laini na jembamba, huo ni mmea wa kivulini penye unyevu. Uache ulipo, hata ukiapiwa kwamba unavumilia.

Miti ya kivuli

Pesa yako iende hapa kwanza. Mti mmoja uliosimama upande wa magharibi wa nyumba na kuzuia jua la alasiri una faida kuliko vichaka ishirini vya maua.

Nafasi ya kwanza naupa mkwaju. Najua wengi wangeanza na mwarobaini, na sababu yao naielewa: mkwaju hauna haraka. Lakini ukishashika, ni vigumu kupata mti unaoufikia. Mzizi wake mkuu huzama chini sana, matawi yake huyumba kwenye upepo mkali bila kukatika, hauna miiba, kivuli chake ni kizito, na unaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Tatizo lake ni ukubwa. Uweke mita 8 hadi 10 kutoka ukutani, na usiupande pale unapoegesha gari, maana maganda yatakuwa yakianguka juu yake msimu mzima. Mche wa mbegu huweza kuchukua miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa, ilhali wa kubebeshwa, yaani ulioungwa kikonyo cha mti mwingine, huzaa mapema zaidi. Kama shida yako ni kivuli tu, usilipie kubebeshwa.

Kuhusu polepole yake, kuna njia: nunua na mlonge siku hiyohiyo. Mlonge huweza kupita mita 3 katika mwaka wake wa kwanza. Upande mita 3 au 4 upande wa magharibi wa mkwaju, uukinge na jua la alasiri wakati mkwaju unashughulika na mizizi, kisha mlonge huo uukate mara mkwaju ukishajitegemea. Hakikisha mlonge wenyewe umeoteshwa kwa mbegu. Unaotokana na mbegu hujenga mzizi mnene wenye akiba ya maji, na uliotokana na kipande cha tawi mizizi yake hubaki juujuu. Kama mti wa kudumu siupendekezi. Mbao zake ni nyepesi, matawi hukatika, na usipoupunguza kila mara unarefuka kama mlingoti huku kivuli kikiwa huko juu ambako hakikufai.

Nafasi ya pili ni ya mwarobaini, na kwa mtu asiye na subira unaweza kuwa wa kwanza. Mvua ya takriban milimita 400 kwa mwaka inautosha, udongo duni hauutishi, na kwa kawaida hubaki na majani wakati miti mingine imebaki vijiti. Kwenye uwanda wa Arafa karibu na Makka imepandwa miarobaini kwa maelfu ili mahujaji wapate kivuli, mahali ambapo miti michache mno ingethubutu. Una adui mmoja, maji yaliyotuama, na tabia moja mbaya: ndege na popo hula matunda na kutawanya mbegu mbali. Katika jimbo la Northern Territory, Australia, umetangazwa rasmi kuwa gugu. Kiwanja chako kikipakana na msitu wa asili au mto, ruka huu.

Wa tatu ni mgunga wenye umbo la mwavuli. Kwa ukame peke yake ungeshika namba moja, kwa sababu kuna mahali huota kwenye milimita 100 tu za mvua kwa mwaka. Pia kivuli chake hupitisha mwanga kiasi, hivyo mimea midogo huishi chini yake, na mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Miiba ndiyo iliyoushusha. Penye watoto wanaokimbia pekupeku, au matairi, utajuta. Uweke pembeni ya kiwanja, si mlangoni.

Wa nne ni mkunazi. Ukame ukizidi huangusha majani, kisha mvua ikirudi nao hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Huvumilia chumvi kiasi. Hapa nunua mche wa kubebeshwa bila kusita: tofauti ya tunda ni kubwa, na huanza kuzaa ukiwa bado mdogo. Angalia tu chini ya mahali ulipobebeshwa. Chipukizi lolote linalotoka hapo ni la mkunazi wa porini, nalo litaumeza ule uliolipia.

Mkrismasi, ule wa maua mekundu na maganda marefu meusi wenye asili ya Madagaska, nimeuweka wa tano, na najua nitalaumiwa. Hakuna mti unaouza bustani kuliko huu ukiwa umechanua. Lakini mizizi yake minene hutambaa juujuu na kuinua sakafu, matawi hukatika, na kiangazi kikiwa kirefu huangusha majani yote, yaani kivuli kinaondoka siku zilezile unazokihitaji. Kama una uwanja mpana usio na saruji, upande mbali na ukuta uutazame.

Mtende sikuupa nafasi kwa sababu si mti wa ukame kama watu wanavyodhani. Waarabu husema mtende hutaka miguu iwe majini na kichwa kiwe motoni, na ndivyo ulivyo: huvumilia joto kali, lakini mizizi lazima ifikie maji. Unapopita miti mingine ni kwenye chumvi. Kama maji ya kisima chako ni ya chumvichumvi, ufikirie, pamoja na mvinje, ambao huvumilia hata upepo wa bahari. Usinunue mtende wa mbegu ukitarajia tende: karibu nusu ya miche hiyo huwa madume, na jinsia hutaijua mpaka itoe maua miaka kadhaa baadaye. Nunua chipukizi lililotolewa kwenye mama anayejulikana, au mche wa maabara.

Jambo moja linapindua orodha yote: baridi. Kuna maeneo makavu yenye joto kali kiangazi na jalidi wakati wa kipupwe. Huko mkwaju na mwarobaini hufa ikiwa michanga. Anza na mzeituni, unaostahimili nyuzi kadhaa chini ya sifuri na tena unahitaji baridi kiasi ili uchanue, kisha mkomamanga.

Vichaka na ua

Bogainvilia inashinda bila mpinzani. Ile rangi unayoiona si ya ua lenyewe; ni majani yaliyogeuka rangi kuzunguka vijiua vidogo vya katikati, ndiyo maana hudumu wiki nyingi juani. Ukiipa maji mengi na mbolea nyingi, inazaa majani mabichi na kukunyima rangi. Nunua ikiwa imechanua, kwa sababu rangi hubadilika kati ya aina na aina na kibao hukosewa. Ishike kwa uangalifu wakati wa kuitoa kwenye kiriba: mizizi yake ni myepesi kukatika, na mche uliovurugwa huzira kwa miezi.

Kwa ua wa kuzunguka kiwanja napendelea mhina. Hukubali kukatwakatwa, huhimili ukavu, maua yake hunukia vizuri jioni, na matumizi ya majani yake kila mtu anayajua. Oleanda hushindana nao kwa ugumu na huushinda kwa maua, lakini kila sehemu yake ni sumu, hata ikikauka, kwa mtu na kwa mifugo. Waridi la jangwani nalo lina utomvu wenye sumu; angalau hilo hukaa kwenye chungu, juu, mbali na watoto. Ukilinunua, binya shina lake nene la chini. Liwe gumu. Likibonyea, mizizi imeanza kuoza kwa maji mengi.

Ardhini

Nyasi za uwanjani ndizo zinazokunywa maji kuliko kitu kingine chochote bustanini. Panda ukoka pale tu miguu inapokanyaga kweli, na sehemu iliyobaki uifunike kwa matandazo na mishubiri. Ukoka hugeuka kahawia kiangazi bila kufa, na watu wengi humwaga maji kwa hofu wakati ungeweza kusubiri.

Usinunue hata kwa bei ya kutupa

Mathenge, mti wa miiba uliotoka Amerika na kusambazwa nchi kavu ili uzuie jangwa, umemeza malisho kuanzia Kenya na Ethiopia hadi India. Lantana, lusina na aina moja ya mpungate, Opuntia stricta, zote zimo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya spishi vamizi 100 zilizo mbaya zaidi duniani, na bado lantana huuzwa kwa ajili ya maua yake. Mnyaa ni mgumu na wa bei rahisi, lakini tone la utomvu wake jichoni litakupeleka hospitali.

Kukagua mche

Omba kuona mizizi. Muuzaji mzuri hatakataa kuteremsha kiriba kidogo. Unatafuta mizizi myeupe iliyosambaa, isiyojizungusha. Mizizi iliyojiviringisha ndani ya kiriba itaendelea kujiviringisha ardhini, na miaka kadhaa baadaye mti mkubwa hung'oka kwa upepo mmoja. Mzizi mkuu ukishatoboa kiriba na kuzama kwenye ardhi ya kitalu, utakatwa siku unapouchukua, na kwa mkwaju au mgunga hiyo ni hasara kubwa.

Usichague mrefu. Mche wa urefu wa goti wenye shina nene hushika haraka kuliko uliokupita kichwa, na mara nyingi baada ya misimu michache humfikia mwenzake huku umekugharimu kidogo. Shina jembamba linaloegemea kijiti ni la mche uliobanana na wenzake ukigombea mwanga. Uliza pia kama mche umeshazoezwa jua. Uliokuwa chini ya neti hadi jana, majani yataungua kesho.

Ukifika nyumbani

Nunua mwanzoni mwa mvua au msimu wa baridi kidogo, mizizi ipate muda kabla ya joto. Chimba shimo, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kama siku ya pili bado kuna maji, mahali hapo hapafai mwarobaini, mlonge wala mshubiri. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya kiriba, lisizidi kina chake, na sehemu shina linapokutana na mizizi ibaki usawa wa ardhi. Tandaza majani makavu au vipande vya mbao kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, bila kugusa shina. Kokoto zinapendeza, lakini hushika joto na kulirudisha kwenye mche mchanga.

Idara ya maji ya Denver, Marekani, ilipoanza kuhimiza bustani zisizo na kiu mwaka 1981, moja ya kanuni zake ilikuwa kupanda pamoja mimea yenye kiu sawa. Ifuate. Bogainvilia ikikaa jirani na ukoka unaomwagiliwa, mmoja wao atateseka. Na mwagilia mara chache kwa wingi: ndoo nzima inayozama taratibu, kisha ngoja udongo ukauke kidole kizima chini kabla ya kurudi. Mwezi wa kwanza huenda ikawa mara mbili kwa wiki, zaidi kwenye mchanga, pungufu kwenye mfinyanzi. Ongeza siku za kungoja kidogo kidogo, na kadiri mti unavyotanuka sogeza maji kutoka shinani hadi ukingoni mwa kivuli, kwa sababu huko ndiko mizizi inayonyonya iliko.