Darubini ya Nikon Action EX 7x50 baada ya miaka minne ya chumvi ya Mombasa

Darubini ya macho mawili niliyokuwa nayo kabla ya hii haikuanguka wala kugongwa na chochote, na hata hivyo haikumaliza mwaka. Niliinunua kwa shilingi 3,500 katika duka moja la mjini, ambako muuzaji aliigonga mezani mbele yangu ili nione ugumu wake, akaniambia, "Hii ni ya jeshi, ami, utawaachia wajukuu." Ganda lake la mpira lingali zima hadi leo. Kilichoharibika ni vioo vya ndani: mwanzo mvuke uliingia asubuhi na kutoweka jioni, kisha haukutoweka tena, na masika yalipokwisha nikaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zimetambaa juu ya kioo, mahali ambapo si kidole wala kitambaa kingeweza kufika. Hiyo ni kuvu. Huota gizani penye unyevu, hujilisha kwa vumbi na mafuta yaliyobaki juu ya lenzi, na asidi yake hula utando wa kinga na hatimaye kioo chenyewe, kiasi kwamba hata fundi akiifungua na kuisafisha, alama hubaki.

Matangazo ya vifaa hivi huandikwa zaidi kwa ajili ya wawindaji wa Ulaya na Marekani, na neno "imara" humo humaanisha kuhimili mshindo wa bunduki, baridi na kuanguka juu ya mawe. Kwetu Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977. Darubini ya hapa pwani hukaa shingoni mwa mtu wa boti, katika hewa ambayo unyevu wake mara nyingi huzidi asilimia 70, na kusi linapovuma hurushiwa maji ya chumvi tangu boti inapoondoka ufukweni hadi inaporudi. Ndiyo maana nilipotafuta ya pili sikuuliza tena kama inavumilia kuanguka. Niliuliza kama imezibwa, na kama ndani yake mna hewa ya kawaida au gesi kavu.

Nikon Action EX 7x50, ambayo mpwa wangu aliniletea kutoka Dubai kwa bei inayokaribia mara saba ya ile ya kwanza, imezibwa na kujazwa naitrojeni. Gesi hiyo haina unyevu, hivyo hakuna mvuke wa kuganda ndani ya kioo wala maji ya kuilisha kuvu. Mtengenezaji anasema itavumilia kuzama mita 1 kwa muda wa dakika 5, maneno ambayo nayachukulia kama ruhusa ya kuisuuza bombani na si mwaliko wa kuogelea nayo. Kwa miaka minne nimeipeleka karibu kila wiki kutoka Nyali hadi kwenye miamba ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, na nikimulika ndani yake kwa tochi ya simu sioni doa wala uzi. Lenzi za nje, hata hivyo, hupata mvuke kama kioo chochote: ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kwenda juani saa sita mchana utaona weupe mtupu. Wageni wangu wawili tayari wamedhani wameniharibia kifaa. Subiri dakika chache, usifute kwa shati.

Tarakimu mbili za jina lake, 7x50, zinastahili maelezo, kwa kuwa ndizo zinazowapotosha wengi. 7 ni idadi ya mara ambazo kitu husogezwa karibu, na 50 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Mnunuzi wa kwanza hukimbilia 12 au hata 20 akidhani kikubwa ni bora, lakini ndani ya boti kila mtikisiko wa mkono na wa wimbi hukuzwa pamoja na picha, na boya linalorukaruka mbele ya jicho halisomeki hata likionekana kubwa namna gani. Gawanya 50 kwa 7 nawe utapata 7.1, ambayo ni upana kwa milimita wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Mboni ya kijana hupanuka kufikia takriban milimita 7 gizani, na ya mtu wa rika langu hupungua, kwa hiyo nakiri kwamba sehemu ya mwanga ninaoulipia hainifikii. Faida yake nyingine ndiyo inayonihusu: duara pana huifanya picha isipotee boti inapoyumba na jicho likasogea kidogo kutoka mahali pake. Ile yenye 10x50 hutoa duara la milimita 5 tu, na juu ya maji tofauti hiyo huhisiwa mara moja. Umbali wa mita 1,000 utaona upana wa mita 112, unaotosha kutafuta mlango katika miamba wakati mawimbi yanapovunjika pande zote mbili.

Umbo lake ni lile la kale lenye mabega, ambalo hutumia prizimu, yaani vipande vya kioo vinavyogeuza njia ya mwanga, za aina aliyoibuni Mwitaliano Ignazio Porro katikati ya karne ya 19. Darubini nyembamba zilizonyooka zinapendeza na hukaa vizuri mfukoni, lakini prizimu zake huhitaji ukataji wa makini sana na utando maalumu ili picha isififie, na gharama hiyo lazima itoke mahali. Kwa bei ya wastani, mabega hutoa picha safi zaidi kuliko unyofu.

Lawama zangu ni mbili. Uzito wake ni kilo 1, na mkanda mwembamba uliokuja nayo uliniachia alama shingoni hadi nilipoubadilisha kwa ule mpana wa kupita mabegani. Pili, haioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko mita 7. Mwenye kupenda vipepeo vya Haller Park ataudhika, ingawa mwenye kutazama ndege wa mikoko ya Mkondo wa Tudor akiwa ndani ya boti hatalijua tatizo hilo. Tunaovaa miwani tumekumbukwa, kwa maana jicho laweza kukaa milimita 17 nyuma ya kioo na bado likaiona picha nzima, mradi vikombe vya mpira vya jichoni vishushwe.

Utunzaji wake ni mwepesi lakini una mpangilio, na anayeukosea huharibu kwa mikono yake kile ambacho bahari ilishindwa. Kwanza suuza kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ili chembe za chumvi ziyeyuke, kisha ndipo ufute, kwa sababu chembe hizo zikiburutwa juu ya lenzi huikwaruza. Usiirudishe ndani ya mfuko wake ikiwa mbichi. Yangu hulala ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo navikausha mara kwa mara.

Anayetaka kununua, iwe hii au nyingine, namshauri asimalize kazi dukani. Aiombe dakika kumi nje, na akiweza aende nayo Mama Ngina Waterfront, ambako meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi cha kusomeka majina yake. Aitazame mistari ya kreni za bandari kwa macho yote mawili kwa muda. Jicho likianza kuvuta au kichwa kuuma, mirija miwili haielekei pamoja, na hakuna mazoea yatakayoirekebisha. Kisha aishike kwa urefu wa mkono, aielekeze angani na kuyaangalia maduara mawili ya mwanga kwenye vioo vya nyuma: yakiwa mviringo kamili prizimu ni za kioo kizuri, yakiwa na kona za kijivu zimebaniwa gharama. Lenzi za rangi ya machungwa zinazong'aa kama taa za matatu aziache palepale, na ya mtumba asiinunue kabla ya kuimulika ndani kwa tochi.

Kwa nahodha anayekesha usiku na mwenye bajeti nyingine kabisa, Steiner wa Ujerumani na Fujinon wa Japani hutengeneza 7x50 ambazo upande wa kila jicho hurekebishwa peke yake, mara moja, kisha huligusi tena gurudumu lolote la kurekebisha picha. Sehemu zinazosogea zikiwa chache, njia za maji kuingia nazo huwa chache. Mimi natoka asubuhi na kurudi kabla ya alasiri, na hii yenye gurudumu moja la katikati inanitosha. Mkanda ndio nitakaoubadilisha tena mwaka huu.