Boti ya kukodi na nahodha Nungwi: uliza chambo kabla ya bei

Manahodha wanaokodisha boti za kuvulia samaki Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wanaijua bahari yao, na kwa hilo peke yake huduma hii inastahili fedha yake. Safari bora ni ya Leven Bank, kaskazini ya ncha ya Unguja, ambako mwamba unapanda kutoka kwenye kina kirefu na samaki hukusanyika juu yake. Nahodha mzuri hatii nanga pale. Huipeleka boti upande maji yanakotokea, huzima mashine, huiacha ielee mpaka mishipi ipite juu ya jiwe, kisha hurudi kuanza upya.

Kasoro iko kwenye chambo. Boti nyingi hubeba ngisi wa jana waliomwagwa juu ya barafu tupu. Barafu ikiyeyuka, maji matamu huwaingia, nyama inakuwa nyeupe na laini, na samaki wadogo huimaliza kabla chewa hajaisikia harufu. Ngisi wa kufaa bado ana vidoa vyekundu ngozini. Sisitiza watiwe kwenye mfuko usiopitisha maji na chumvi, ndipo barafu iwekwe juu yake, na wawepo pia vibua wabichi wa shibiri moja. Kibua hutobolewa midomo yote miwili, kuanzia wa chini. Ukimtoboa ubavuni hugeuka chambo cha kuzunguka, na mshipi mzima unasokotana.

Ndoana za mviringo wanazotoa ni nzuri sana, ila mgeni huharibu kwa kuvuta kwa nguvu anapoguswa. Usivute. Acha samaki ageuke, kaza uzi taratibu, ndoana itajishika yenyewe pembeni mwa mdomo. Akishashika, pima mbili za mwanzo za uzi, yaani karibu mita nne, ndizo zenye kazi: zikusanye haraka, maana chewa akiwahi kuingia pangoni humtoi.

Nguru hutaka kipande cha waya, kiasi cha shibiri mbili, kwa kuwa meno yake hukata nailoni. Jodari ni kinyume chake, akiiona waya huikataa. Boti yenye waya tupu kwenye kila mshipi inakupunguzia jodari bila ya wewe kujua, kwa hiyo fungua sanduku uangalie kabla ya kuondoka.

Siku ipangwe kwa mwezi wa kuandama. Siku ya saba mpaka ya tisa tangu mwezi kuandama, na ya ishirini na moja mpaka ya ishirini na tatu, ni maji mafu, mkondo hupungua, na chubwi, yaani risasi ya kuzamisha mshipi, hufika chini. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, huisomba hata chubwi nzito, nawe utalipia mafuta ya kuzunguka bure. Juni na Julai, upepo wa kusi ukikaza, Leven haifai. Nahodha anayekubali kwenda tu kwa sababu umelipa si wa kumfuata.

Bei hupatanwa kwa boti nzima, si kwa kichwa. Hakikisheni mafuta, barafu na chambo vimo ndani, na jaketi okozi zihesabiwe pwani, moja kwa kila mtu.

Barafu ndipo tunapowadai zaidi. Jodari akatwe mishipa ya damu chini ya mashavu mara tu anapopandishwa, atolewe matumbo, azikwe kwenye barafu. Akiachwa juani sakafuni mwa boti huzalisha sumu inayoleta mwasho na kuumwa kichwa, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.