Marudio ya mchoro kwenye karatasi za ukutani: ipi ununue kwa ukuta upi

Kabla maua hayajakuteka, geuza roli usome lebo. Utakuta tarakimu kama 53 au 64/32 pamoja na mishale midogo. Tarakimu ya kwanza ndiyo marudio: umbali kwa sentimita kutoka ua moja hadi ua lilelile linapojirudia chini yake. Ya pili, ikiwepo, ni kiasi ambacho kipande kinachofuata hushushwa ili mchoro uungane. Mshale wenye sifuri maana yake hakuna cha kulinganisha. Mishale miwili inayotazamana usawa mmoja ni ulinganifu wa moja kwa moja. Iliyopishana, ni wa kushusha.

Wengi huogopa tarakimu kubwa na kukimbilia ndogo. Hilo ni kosa, kwa sababu tarakimu peke yake haisemi kitu mpaka uikutanishe na urefu wa ukuta wako.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua urefu wa ukuta, ongeza sm 10 za kukatia juu na chini. Gawa kwa marudio, panda hadi namba kamili, zidisha tena kwa marudio. Hiyo ndiyo hatua kutoka mwanzo wa kipande hadi mwanzo wa kingine. Roli ya kawaida ya Ulaya ina upana wa sm 53 na urefu wa m 10.05.

Ukuta wa m 2.4 unahitaji vipande vya sm 250. Karatasi isiyolinganishwa inatoa vinne, na zinabaki sm 5 tu. Yenye marudio ya sm 64 inakwenda kwa hatua ya sm 256, na kipande cha nne kinapungukiwa na sm 13. Umebaki na vitatu. Usidhani mchoro mdogo ungekuokoa: marudio ya sm 10.6 yana hatua ya sm 254.4, na bado cha nne hakitoshi. Chumba cha m 4 kwa m 3 kina mzunguko wa m 14, yaani vipande 27. Kwa vinne kila roli unanunua roli 7. Kwa vitatu, 9.

Sasa pandisha ukuta hadi m 2.6. Kila kipande ni sm 270, na hata karatasi isiyo na mchoro inatoa vitatu tu. Ile ya sm 64 nayo inatoa vitatu. Hapo mchoro mkubwa haukuongezei roli hata moja, kwa hiyo chagua unaoupenda.

Nikizipanga aina tatu za lebo kwa urahisi wa kubandika, nafasi ya kwanza: zisizolinganishwa. Rangi moja, mkwaruzo wa kitambaa, mistari ya wima. Hazipotezi kitu kwa kulinganisha mchoro, na mtu anayebandika kwa mara ya kwanza aanze nazo. Mistari ya wima ina hila yake, kwani kona iliyopinda huonekana papo hapo. Lebo ikiwa na mshale mmoja juu na mwingine chini, kila kipande cha pili kibandikwe kichwa chini; usipofanya hivyo, tofauti ndogo ya rangi kati ya kingo mbili itajitokeza kwenye kila kiungo.

Nafasi ya pili: za moja kwa moja. Kila kipande kinaanza na ua lilelile darini, hivyo kukata ni rahisi na makosa ni machache. Lakini dari ikiwa imeinama, ziache. Ua lilelile litakatwa zaidi kidogo kwenye kila kipande, na jicho litafuata mteremko ukuta mzima.

Nafasi ya tatu: za kushusha nusu, kama 64/32. Zinaficha dari iliyoinama vizuri, kwa kuwa vipande jirani havianzi na kitu kimoja, na kwa dari ya namna hiyo ningezipandisha nafasi ya pili. Zimeshuka hapa kwa sababu ya ukataji. Tuseme ukuta ni m 3, vipande ni vya sm 310. Ukikata kwa kupokezana kutoka roli moja, kila hatua inabeba nusu ya marudio, yaani marudio matano na nusu au sm 352, na cha tatu kinapungukiwa na sm 9: vipande viwili kwa roli. Fungua roli mbili pamoja. Ya kwanza itoe vipande namba 1, 3 na 5. Ya pili, baada ya kutupa sm 32 za mwanzo kama zote zinaanzia mahali pamoja, itoe 2, 4 na 6. Sita badala ya vinne, kutoka roli zilezile.

Kingine cha kusoma kwenye lebo ni gundi inapakwa wapi. Karatasi ya kawaida ikipakwa gundi hulowa na kutanuka. Kipande kilicholowa dakika 5 na kilicholowa 12 havitanuki sawa, kwa hiyo ua linalingana juu na kuachana chini. Shika muda uleule kwa kila kipande, na linganisha usawa wa macho, si darini. Zile ambazo gundi hupakwa ukutani hazina tatizo hili.

Roli zote ziwe na namba ileile ya bechi, yaani ziwe zimechapwa kwa mkupuo mmoja, na uongeze moja ya akiba, maana rangi ya bechi nyingine inaweza kutofautiana kidogo. Madirisha madogo usiyatoe kwenye hesabu. Kipande cha kwanza kipige timazi kiwe wima kabisa, usifuate kona. Na ukizungusha chumba kizima, kipande cha mwisho kikikutana na cha kwanza mchoro hautaungana. Panga kiungo hicho kiangukie juu ya mlango au kwenye kona iliyo nyuma yake.