Zawadi ya mkono wako: bangili ya shanga au kijiko cha mpingo?

Kwa anayeishi Arusha na anataka kumtengenezea mtu zawadi yenye jina lake, njia mbili zinajileta zenyewe: shanga na mbao.

Shanga kwanza, maana ndizo nazipenda. Chora jina kwenye karatasi ya miraba kabla ya kushika sindano. Herufi nyingi hukaa vizuri kwenye shanga 5 za urefu na 3 za upana. I inatosha kwa safu moja, M inadai 5. BIBI, ukiacha nafasi ya safu moja kati ya herufi, inakula safu 11 tu. Ukikosea, unafumua uzi na kuanza upya, hakuna kilichoharibika. Rangi nazo zinasema: kwa Wamasai nyekundu ni ushujaa, nyeupe ni usafi na maziwa. Muulize mama anayekuuzia, atakupangia vizuri kuliko mimi.

Mpingo ni habari nyingine. Ni mzito hadi unazama majini, na unamaliza makali ya patasi upesi. Kipande kisichokauka vizuri kitapasuka baadaye, na herufi ukishaichonga vibaya huifuti. Lakini ukiacha ukingo mweupe wa mti ukutane na kiini cheusi, kisha ukapiga msasa laini, kijiko kinang'aa bila rangi yoyote.

Kama hujawahi kuchonga na sherehe ni wiki ijayo, shika shanga. Mpingo mwekee anayeoa mwakani.