Betri tatu nilizoifungia DR650 yangu hapa Tabora

Mwangaluka wote. Mimi nauza asali, kwa hiyo nusu ya maisha yangu inaishia kwenye barabara ya Sikonge na nusu nyingine kwenye vijia vya pembeni ya Ipole, lami ilikokomea nyuma na ndorobo wanakung'ata hata juu ya jinzi. Dumu la lita 20 la asali lina kilo 28 hivi, sio 20 kama maji, na mimi napakia mawili. Ndiyo maana sikununua Boxer kama wenzangu. Napanda Suzuki DR650.

Kwa asiyeijua, ni pikipiki ya silinda moja yenye ujazo wa cc 644. Pistoni ina upana wa milimita 100, chukulia mdomo wa kopo la maziwa ya unga. Haina kiki, selfu ikigoma huna la kufanya. Hii yangu zaidi ya hapo ina ukorofi wa kuongezewa: aliyeniuzia alikuwa ameitia pistoni inayobana zaidi, kompresheni (mara ngapi hewa inabanwa) ikapanda kutoka 9.5 ya kiwandani hadi 10.5. Mchangani inavuta kama punda aliyeshiba. Kuiwasha asubuhi ndiko kulikonimalizia hela.

Na msiniambie niisukume. Nimejaribu. Unaweka gia ya pili, unakimbia nayo, unaachia klachi, tairi la nyuma linaganda na kuburuta mchangani kama jembe. Injini haizunguki. Pikipiki ina kilo mia na sitini na kitu, na wewe jasho linakutoka mbele ya watoto wa kijiji wanaocheka.

Betri ya kwanza niliichukua hapa hapa mjini, shilingi 55,000, jina la kampuni sitalitaja na duka pia. Kwenye ubavu imeandikwa 12V 9Ah. Kiwandani DR650 inakuja na saizi ya YTX9-BS, ambayo ni 8Ah, nikajiona nimelamba dume. Kijana wa dukani akamimina asidi, akaziba vizibo, akanikabidhi ikiwa bado ya moto. Dakika kumi nilikuwa barabarani. Hapo makosa yalikuwa mawili, na moja ni langu. Betri ya namna hii ukishaitia asidi inabidi itulie angalau nusu saa, halafu ichajiwe polepole kwa ampea moja au chini yake mpaka ijae. Ukiifunga hivyo hivyo unaanza nayo ikiwa haijafika chaji kamili, na pikipiki inayoenda safari fupi fupi haitakuja kuimalizia.

Kosa la pili ni kuamini hiyo 9Ah. Ah inakwambia betri ina akiba kiasi gani, kama ukubwa wa tenki. Haikwambii bomba ni pana kiasi gani. Injini ya silinda moja kubwa haihitaji umeme mwingi kwa muda mrefu, inahitaji umeme mwingi sana kwa nusu sekunde, pale pistoni inapopanda kubana hewa. Ikipita pale, imewaka. Isipopita, unasikia "klak" moja na kimya. Namba ya kutafuta ni ile yenye herufi CCA, ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Najua, Tabora hata Julai hatujawahi kuona barafu nje ya friji. Lakini ndiyo namba pekee inayokuruhusu kulinganisha betri na betri. Ile ya 55,000 haikuwa nayo popote. Ilidumu miezi minne.

Fundi wangu wa Isevya aliishika, akaipima uzito mkononi, akasema, "Mjomba, hii wamekuuzia plastiki." Ilikuwa nyepesi mno kwa betri ya risasi.

Nikaruka upande wa pili kabisa. Jamaa alikuwa anatoka Dar, nikamwagiza betri ya lithiamu. Bei karibu mara nane ya ile ya kwanza. Haifiki kilo moja, unaibeba kama sabuni ya mche. Juu imeandikwa 12Ah kwa herufi kubwa, lakini ukisoma vizuri ni "sawa na" 12Ah ya betri ya risasi. Pembeni kuna 48Wh, ndiyo nishati yote iliyomo. Gawa kwa volti zake 12.8 unapata chini ya 4Ah. Huo ndio ukweli wake.

Lakini kwa kuwasha, aisee. Ule mlio wa selfu ulibadilika kabisa, injini ilizunguka kana kwamba imetolewa plagi. Wiki sita nilikuwa natabasamu kila asubuhi.

Halafu tukaenda kurina. Asali huku inarinwa usiku, na mimi nikawa nimeunganisha taa ndogo kwenye betri, pamoja na simu mbili za wenzangu zikichajiwa. Betri ya risasi ikiisha inakuaga: taa inafifia, selfu inavuta kivivu, unajua mapema. Lithiamu haiagi. Taa iliwaka ile ile nyeupe mpaka saa kumi alfajiri, ikazima kama imekatwa na mkasi. Asubuhi hata taa ya nyutro haikuwaka. Tulikaa mpaka saa sita mchana likapita gari la watu wa tumbaku, wakatuunganishia waya. Iliwaka, lakini betri haikurudi kama zamani, kwa sababu kuishiwa kabisa kunaiua. Kosa la taa ni langu, sikatai. Ila mtu anayelala porini asinunue kitu kisichotoa onyo.

Sasa natumia Yuasa YTZ10S, na hii ndiyo nimekuja kuisifia. Ni 8.6Ah tu, lakini CCA yake ni 190, wakati YTX9-BS inacheza kwenye 120 hadi 135. Urefu na upana ni vile vile, 150 kwa 87, na chanya iko upande ule ule, kwa hiyo waya zinafika bila kuvutwa. Inakuja imeshajazwa na kufungwa kiwandani. Nilimwambia muuzaji wa Dar aipime kabla ya kuituma na basi, anitumie picha ya mita: 12.8. Ingekuwa chini ya 12.6 ningemwambia airudishe kwenye kabati. Nililipa 230,000 na nauli ya mzigo. Mwezi wa kumi na nne huu.

Kabla ya kuifunga, fundi aliweka mita kwenye betri ya zamani nikapiga selfu: volti 10.4. Akahamishia kwenye mota ya selfu yenyewe: 9.1. Volti 1.3 zilikuwa zinapotelea njiani, nyingi kwenye waya wa bodi (ule wa hasi) uliofungwa juu ya rangi na kutu. Tulikwangua mpaka chuma kikang'aa, tukaweka waya mnene, upotevu ukashuka hadi 0.3. Bila hiyo kazi ya shilingi 15,000 ningeilaumu na Yuasa pia.

Kasoro yake ni moja: kimo chake ni pungufu kwa milimita 12 kuliko ile ya kiwandani, kwa hiyo inacheza ndani ya boksi lake. Nimekata ndala ya kulia ya mwanangu nikaiweka chini yake. Ya kushoto bado anaitafutia mwenzake.