Wiki Nane Bila Chai ya Maziwa: Tathmini ya Huduma ya Lishe Niliyoipata Mwanza

Kwa zaidi ya mwaka mmoja tumbo langu lilikuwa likijaa gesi na kuunguruma karibu kila siku kabla ya saa nne asubuhi. Vipimo vya minyoo na vidonda vya tumbo havikuonyesha kitu, na hatimaye nikaenda katika kituo binafsi cha ushauri wa lishe upande wa Nyakato, ambacho sitakitaja jina, nikalipa shilingi 150,000 kwa mpango wa wiki nane. Kwa wiki tatu za mwanzo mteja huacha kabisa maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na samaki. Kisha hukirudisha kimoja kimoja, akikila kwa siku tatu na kupumzika siku tatu, huku akiandika katika daftari kila alichokula na namna mwili ulivyopokea.

Afisa lishe aliyenihudumia anastahili sifa. Kabla sijaacha ngano alinitaka kwanza nipime damu kuangalia ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni, protini ya ngano, huufanya mwili kuudhuru utumbo wake, kwa sababu kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, ambazo hupungua mtu akishaacha kula ngano, na majibu yanaweza kudanganya. Aliniuliza pia kama nimewahi kuvimba midomo au kubanwa na pumzi baada ya kula, akaeleza kwamba mwenye mzio wa namna hiyo hapaswi kujaribu kurudisha chakula akiwa nyumbani peke yake. Wengi huacha mkate kwa ushauri wa jirani bila kuulizwa maswali hayo.

Karatasi ya mlo, kwa upande wake, ilionekana kuandikiwa watu wa nchi nyingine. Ilitaja maziwa ya lozi na kinoa, wala haikuwa na neno juu ya michembe, viazi vitamu au ugali wa muhogo, vyakula ambavyo havina gluteni na ambavyo vinapatikana katika soko lolote la Mwanza. Ninaishi Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, na jioni harufu ya sato wa kukaanga inaingia hadi sebuleni. Mama mkwe wangu aliposikia kwamba sitakula samaki kwa wiki tatu aliweka sahani chini, akaniuliza, "Mwanangu, mtu wa ziwani anakatazwaje samaki?" Sikuwa na jibu zuri.

Kosa kubwa zaidi la karatasi ile lilikuwa kuweka maharage mahali pa samaki na mayai. Nilikula maharage mchana na usiku, na wiki ya pili hali ikawa mbaya kuliko siku niliyoanza. Maharage yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya, na zikifika utumbo mpana bakteria huzichachua na kutoa gesi. Kumpa mgonjwa wa gesi chakula hicho kila siku ni kuuvuruga uchunguzi wenyewe. Nilipopiga simu, afisa lishe alikubali mara moja, akanibadilishia kuku na nyama ya ng'ombe, na kuanzia siku ya tano nikapata utulivu nilioukosa kwa mwaka mzima. Hata hivyo, wiki moja na nusu ilikuwa imepotea, na hakuna aliyeniongezea muda.

Katika kurudisha vyakula, samaki walipita salama, mayai vilevile, hata chapati. Maziwa ndiyo yaliyojifichua, tena taratibu: siku ya kwanza nusu kikombe, kimya, siku ya pili kikombe kimoja, tumbo zito kidogo, siku ya tatu vikombe viwili vya chai ya maziwa saa moja asubuhi kabla ya kula chochote, kama nilivyozoea, na ilipofika saa tatu na nusu nilikuwa nimelegeza mkanda ofisini. Kama ningejaribu kwa siku moja tu, ningeyasafisha maziwa na kuilaumu ngano. Afisa lishe alieleza kwamba watu wazima wengi hupungukiwa kimeng'enya cha kuvunja laktosi, sukari ya maziwa, na kwamba mtindi huvumilika zaidi kwa kuwa bakteria wake wamekwisha kuila sehemu ya sukari hiyo.

Jambo lililoniudhi ni mapokezi, ambako kila nilipofika nilishawishiwa kulipia shilingi 350,000 zaidi kwa kipimo cha damu kinachodaiwa kubaini vyakula 90 visivyokufaa. Kingamwili zinazopimwa humo, aina ya IgG, kwa kawaida huonyesha tu kwamba umekula chakula fulani, na vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya, Marekani na Kanada vimeshauri kisitumike kwa kazi hiyo. Nilikataa, na ninawashauri wengine wakatae.

Kwa afisa lishe yule ningerudi hata kesho, ila karatasi yake ya mlo ningeiacha mezani. Asubuhi sasa ninakunywa chai ya rangi, na mchana kikombe cha mtindi pamoja na ugali hakijanisumbua hata mara moja.