Ablesheni ya moyo: daftari langu la miezi 18, nikiwa Kigoma

Nilifundisha shule ya msingi miaka 34, na mazoea ya kuandika kila kitu kwenye daftari hayajaniacha. Tangu moyo wangu uanze kwenda hovyo, kila safari ya hospitali niliiandika: tarehe, nilichopimwa, dawa niliyopewa, nilicholipa. Watu wanaonijia kuuliza habari za ablesheni, yaani tiba ya kuweka kovu ndani ya moyo ili mdundo wake utulie, huuliza swali moja tu, "Mwalimu, ulipona?" Mimi nikifungua daftari naona swali la maana zaidi ni hili: baada ya kufanyiwa, hospitali ulikwenda mara ngapi, na ulifuata nini?

Nina miaka 61, naishi Mwanga, hapa Kigoma, nina presha na kisukari. Ugonjwa wa moyo nilioupata ni mpapatiko wa atria. Vyumba vya juu vya moyo, badala ya kusukuma damu kwa pamoja, vinatetemeka tu, na vya chini navyo vinafuata bila mpangilio. Kwangu ulianza kama samaki mgebuka anayerukaruka kifuani, unakuja, unakaa saa kadhaa, unaondoka. Ule mlima wa kutoka stesheni kuja Mwanga, niliokuwa naupanda na kapu la samaki mkononi, ukawa haupandiki bila kusimama mara tatu. Kinachotisha zaidi ni kwamba damu inayotuama kwenye atria inaweza kuganda, bonge likapanda kichwani, ukapata kiharusi. Hatari hiyo ni kama mara tano ya ile ya mtu asiye na ugonjwa huu.

Katika miezi 12 kabla ya ablesheni daftari linasema hivi: safari 16 za hospitali, 11 kati ya hizo za dharura, nyingi usiku. Nililazwa mara nne. Mara moja nilipelekwa hadi Bugando, Mwanza, nikastuliwa moyo kwa umeme ili urudi kwenye mdundo wake. Ulirudi, na baada ya wiki tano ukaharibika tena.

Wakati huo nilikuwa natumia warfarini kuzuia damu kuganda. Wanaoitumia wanajua kazi yake: kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3, na mboga za majani zinakishusha kwa sababu ya vitamini K. Kwa mtu wa Kigoma, aliyekua na kisamvu cha mawese na matembele, si jambo dogo. Daktari hakunikataza mboga. Aliniambia, "Mama, kula, lakini kiasi kilekile kila wiki, usije ukala sinia leo halafu mwezi mzima usile." Ushauri huo ulinisaidia kuliko makatazo yote niliyokuwa nimepewa na majirani.

Dawa za kutuliza mapigo ziliposhindwa, daktari bingwa wa moyo jijini Dar es Salaam ndiye aliyenieleza habari za ablesheni. Nilipenda alivyoanza na chanzo. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, waliwachunguza wagonjwa 45 wakaona kwamba karibu cheche zote za umeme zinazoanzisha mpapatiko zilitoka kwenye vena zinazoleta damu kutoka mapafuni. Kwa hiyo tiba ni kuweka kovu la duara kwenye midomo ya vena hizo, kwa joto au kwa baridi kali, ili cheche zisivuke kuingia kwenye atria.

Kisha akanieleza jambo ambalo wengine hawalisemi. Utafiti mkubwa uitwao CABANA, uliotoka mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa 2,204, haukuthibitisha kwamba ablesheni inapunguza vifo na viharusi kuliko dawa. Ulichoonyesha ni kwamba waliofanyiwa walirudiwa na ugonjwa kwa uchache zaidi na waliishi maisha yenye nafuu. Vifo na kulazwa kwa ajili ya moyo, vikijumlishwa, vilikuwa asilimia 51.7 kwa waliopangiwa ablesheni na 58.1 kwa waliopangiwa dawa. Akasema, "Mwalimu, nakupeleka ili uishi vizuri. Sikuahidi kwamba utaishi milele wala kwamba hutaonana tena na daktari." Namshukuru mpaka leo kwa maneno yale.

Nilichagua India, kwenye hospitali moja ya Mumbai, kwa sababu mdogo wangu alishatibiwa huko na tulijua pa kufikia. Matibabu, tiketi za watu wawili, chumba cha kupanga na chakula vilifika shilingi milioni 24 na ushee. Ni mafao yangu ya kustaafu na michango ya watoto. Kiasi hicho kinauma, na ninakitaja ili anayepanga apange akijua.

Siku yenyewe haina maneno mengi. Walinipitishia kwanza kooni kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kuhakikisha hakuna bonge la damu ndani ya atria, wakanilaza kwa nusu kaputi, wakaingiza katheta (mrija mwembamba) kwenye vena ya kinena cha kulia hadi moyoni, wakatoboa ukuta mwembamba kati ya atria ya kulia na ya kushoto, wakazigandisha vena zote nne kwa puto la baridi. Nilipozinduka niliamriwa kulala chali bila kukunja mguu kwa saa sita. Mgongo uliniuma kuliko moyo. Kinena kilivia damu, kikawa cheusi kwa wiki mbili. Tulikaa siku kumi kabla ya kupanda ndege kurudi.

Sasa miezi mitatu ya mwanzo, ambayo hakuna jirani aliyeniandaa nayo. Daktari aliniambia moyo umejeruhiwa, mpapatiko unaweza kurudi kipindi hicho na haimaanishi kazi imeharibika. Kusikia ni kitu kimoja, kuamka saa nane usiku mapigo yakiwa 140 baada ya kulipa milioni 24 ni kitu kingine. Ilitokea wiki ya sita. Nililia nikiwa kwenye bajaji kwenda hospitali ya Maweni, nikijua fedha za wanangu zimepotea. Nililazwa, nikachomwa sindano ya kushusha mapigo, asubuhi moyo ukarudi wenyewe. Wiki ya kumi ukaja tena, saa mbili tu, nikarudishwa nyumbani.

Kabla ya hapo, wiki ya tatu, nilipata homa. Kigoma ukipata homa unakwenda kupima malaria, basi. Lakini karatasi ya kuruhusiwa kutoka Mumbai ilikuwa na onyo lililopigiwa mstari: homa, maumivu ya kumeza, au dalili za kiharusi ndani ya wiki za mwanzo zisidharauliwe, kwa sababu nyuma ya atria umepita umio, na kwa nadra sana tundu linaweza kutokea kati ya viwili hivyo. Likitokea linaua. Na mtu asipitishiwe kamera kooni. Kinachotakiwa ni CT skani. Nilimpa daktari wa zamu karatasi ile kabla hata hajaniamkia. Alisoma yote, akaniuliza kuhusu kumeza, akapima. Ilikuwa malaria kweli.

Likaja la pili. Nilikuwa natumia amiodaroni kulinda mdundo, na dawa ya malaria inayotolewa kwa kawaida ni ALu. Daktari yule kijana akasema, "Shikamoo tena mama, nisikurudishe nyumbani na hii." Akanieleza kwamba dawa zote mbili zinaweza kurefusha kipindi cha moyo kujichaji upya, na zikikutana zinaweza kuleta mapigo ya hatari. Akanilaza siku tatu za dozi nzima, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kila siku. Sikupata tatizo. Kama ningeenda duka la dawa nikanunua ALu kwa uzoefu wangu wa miaka yote, nani angelijua hilo? Wewe unayeishi penye malaria na unatumia dawa za moyo, taja dawa zako zote kabla hujapewa chochote.

Jambo lililonishangaza bure ni mapigo ya kawaida kupanda. Kabla, nikiwa nimetulia, nilikuwa 64. Baada ya ablesheni, 78 hadi 82. Nilidhani ni dalili mbaya. Kumbe ni kawaida, kwa sababu baadhi ya mishipa ya fahamu inayopunguza mwendo wa moyo inapita karibu na vena zile na huguswa na baridi. Ningeambiwa mapema ningeokoa safari moja.

Hapa nina lawama. Mwezi wa saba nilienda kupima sukari kwenye kituo kimoja cha afya. Mhudumu alipiga ECG, akaiona safi, akasema nimeshapona na dawa ya kuzuia damu kuganda ni mzigo, niiache. Nilitaka sana kusikia hivyo. Niliacha siku tisa. Binti yangu, ambaye ndiye hunitumia rivaroksabani kutoka Dar (India walinihamisha kutoka warfarini), aliuliza mbona sijaagiza nyingine, nikamweleza. Alimpigia daktari wangu saa hiyohiyo. Daktari hakunigombeza, alinifafanulia: dawa ile haitolewi kwa kuangalia mdundo wa leo, inatolewa kwa kuangalia hatari ya kiharusi. Mimi nina presha na kisukari, na hivyo havikuondolewa Mumbai. Isitoshe mpapatiko unaweza kurudi kimyakimya bila mtu kuhisi. Kwa hiyo naendelea, kidonge kimoja na chakula cha jioni, kwa sababu ile ya miligramu 20 bila chakula hainyonywi vizuri. Aliyeniambia niache alikuwa na nia njema, lakini siku tisa zile zingeweza kuniacha nikiwa nimepooza upande mmoja.

Wenye valvu iliyobana kwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na huku kwetu ni wengi, wasichukue dawa yangu kama mfano. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa watu hao dawa za kundi la warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani. Wao wabaki na INR yao.

Narudi kwenye daftari. Mwaka wa kwanza baada ya ablesheni nilikwenda hospitali mara 14, karibu sawa na 16 za mwaka uliotangulia. Ukiishia hapo utasema nimetupa fedha. Lakini 9 kati ya hizo ni za miezi mitatu ya mwanzo, na dharura zote tatu zimo humo, pamoja na kulazwa mara mbili. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa 12 ni safari tano, zote za kliniki, mchana, kwa miguu yangu. Mwezi wa 13 hadi wa 18 ni mbili. Tangu miezi ile mitatu ya mwanzo ipite, mpapatiko umerudi mara moja, mwezi wa 14, dakika 40, nikiwa nimekaa barazani nikihesabu mapigo kwa vidole kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima kama nilivyofundishwa. Ukaisha.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa ajili ya maelezo ya baada ya kutoka, ambayo yangepaswa kutolewa kwa Kiswahili, kwa maandishi, kwa mgonjwa na kwa kituo cha karibu na kwake. Nimetoa nakala tano za karatasi yangu: moja iko kwenye mkoba, moja kwenye faili la kliniki, moja kwa binti, moja kwa jirani mwenye bajaji, moja ukutani jikoni.

Mlima wa stesheni naupanda kwa kusimama mara moja, na hiyo ni kuwasalimu wauza dagaa. Vidonge vilivyobaki ni 22. Nimeshamwambia binti atume.